Upepo Hauna Dhambi





Kuna maneno ambayo sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeyasikia mara nyingi mno makaburini, na ambayo tumeamua kuyapinga waziwazi katika kijarida hiki. Ni yale yasemayo kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu. Hutamkwa mto unapochukua nyumba ya mjane iliyojengwa bondeni kwa sababu viwanja vya mwinuko viligawiwa wenye fedha. Hutamkwa paa linapomwangukia mtoto, ingawa tangazo la hali ya hewa lilikwisha kutolewa siku mbili kabla na hakuna mtu aliyetumwa kulipeleka mpaka kitongoji cha mwisho. Baada ya kutamkwa, kila mmoja wetu hurudi nyumbani akiwa na dhamiri nyeupe, kwa kuwa mshitakiwa amekwisha kupatikana, naye yuko mbinguni.

Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe, alipowataja wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa fikra kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Basi nasi tusiwahukumu wafu, wala tusimsingizie Mungu. Upepo hauna dhambi. Lakini mtu aliyekufa kwa kukosa habari, au kwa kukosa mahali pa kukimbilia, au kwa sababu hakuwa na mtu wa kumbeba, kifo chake kina maswali, na maswali hayo yanatuhusu sisi tulio hai.

Wapo watakaosema kwamba vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagaska, wala si za kwetu. Tunakiri kwamba maneno hayo yana chembe ya ukweli. Kimbunga hulishwa na maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na husokotwa na mzunguko wa dunia; karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kusokota ni hafifu, ndiyo maana vingi hupita kusini mwetu. Lakini kupita mara nyingi si ahadi ya kupita daima. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Dhoruba hiyo hiyo ilibomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo, ambayo Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wameianzisha mwaka 1868 na ambamo watumwa waliokombolewa walikuwa wamepata makao. Tukiwa Wakatoliki wa nchi hii tunayo sababu ya pekee ya kuikumbuka siku ile. Tena Aprili 1952 kimbunga kiliikumba Lindi, na wazee wetu walikisimulia kwa miaka mingi.

Tuje kwenye miaka ya karibuni. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kilikwisha kuipitia Ngazija kikaangukia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mkoa wa Mtwara ulikuwa umetangaziwa hadhari na watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Kimbunga kilipogeukia kusini, tuliwasikia watu, na miongoni mwao viongozi wetu wa jumuiya, wakicheka na kusema tumekimbizwa bure. Ndugu zetu wa kisiwa cha Ibo na wa Macomia hawakucheka. Kisha mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja Hidaya. Kilifika Mafia tarehe 4 na hapo kikaishiwa nguvu, lakini mvua zake zilifurika Kilwa, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika. Hicho kilikuwa kimbunga kilichokufa mlangoni petu. Je, tumejiandaa kwa kile kitakachoingia ndani kikiwa hai?

Tunajua jibu, kwa kuwa tulikuwapo. Katika parokia moja ya pwani ya kusini, ambayo hatuitaji kwa jina kwa sababu aibu yake ni yetu pia, maji yalianza kuingia majumbani usiku wa manane. Wanawake wakawachukua watoto wao, wakapanda kilima kuelekea ukumbi wa parokia, jengo imara kuliko yote ya kijiji kile, lililojengwa kwa michango yao wenyewe, kwa matofali waliyoyabeba vichwani. Walikuta kufuli. Ufunguo ulikuwa kwa mlinzi, na mlinzi alikuwa amekwenda arusini mjini, na barabara ilikuwa imekatika. Vijana walitaka kuvunja kufuli. Mzee mmoja akawazuia, akisema mali ya Kanisa haivunjwi. Basi wakasimama barazani hadi kulipokucha, mvua ikiwapiga kwa ubavu, huku nyuma ya mlango viti mia mbili vya plastiki vikiwa vikavu kabisa. Hakuna aliyekufa usiku ule, nasi tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, tusimfanye Mungu kuwa mlinzi wa uzembe wetu.

Kuna ndugu wanaotuambia, kwa unyofu wa moyo, kwamba kuweka akiba ya chakula na kufunga mapaa kwa hofu ya dhoruba ambayo haijaonekana ni upungufu wa imani. Wasome tena Maandiko. Nuhu alijenga safina mbingu zikiwa kavu, na bila shaka majirani walimcheka. Yosefu alijaza ghala za Misri katika miaka ya shibe. Aliyemwambia Bwana wetu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, sote tunajua alikuwa nani. Kumtumaini Mungu huku umeacha msumari mmoja uliolegea juu ya vichwa vya watoto wako ni kumjaribu.

Ushahidi wa kidunia nao upo. Novemba 1970 kimbunga kiliipiga pwani ya nchi iitwayo leo Bangladesh, kikaua watu laki tatu au zaidi. Tangu mwaka 1972 serikali ya nchi hiyo, pamoja na shirika la Hilali Nyekundu, ilianza kuandaa watu wa kujitolea vijijini, wenye bendera na vipaza sauti, wa kwenda mlango kwa mlango; na polepole yakajengwa makimbilio ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Kazi haikuwa rahisi, kwani mwaka 1991 bado walikufa zaidi ya laki moja. Lakini mwaka 2007 kilipokuja kimbunga Sidr, kikali sana, waliokufa walihesabiwa kwa maelfu machache. Nchi hiyo haikuwa tajiri. Bahari yake haikupoa. Kilichobadilika ni kwamba maskini alipelekewa habari, akaoneshwa njia, akakuta mlango uko wazi.

Na hapa ndipo tunapogombana na vipeperushi vingi vinavyogawiwa mijini. Vinaiambia kila familia ijiandae: inunue chakula cha siku kadhaa, iweke maji, iimarishe nyumba. Ushauri wenyewe ni mzuri na tutaurudia hapa chini. Ila anayeandika hivyo anamwandikia mtu mwenye mshahara. Mama anayeishi kwa kibarua, anayenunua unga wa kupimwa kwa kikombe kila jioni, hawezi kuweka akiba ya siku tatu. Akisoma kipeperushi hicho atajiona mzembe, na maafa yakija tutamlaumu kwa umaskini wake. Kwa hiyo tunasema kwamba maandalizi ya kaya ni deni la haki ambalo jumuiya nzima inadaiwa, na kaya yenyewe inalipa sehemu yake tu.

Sehemu hiyo ya kaya ni ipi? Ianze kabla ya Novemba, maana majira ya vimbunga katika bahari yetu ni kati ya Novemba na Aprili, na mwezi wa Mei nao, kama Hidaya ilivyotufundisha, hauaminiki. Baba na vijana wapande juu walitazame paa. Upepo mkali huliinua paa kutoka chini, kwenye upenu, kabla ya kulibomoa. Kwa hiyo bati lililopigwa misumari michache ni panga linalosubiri kuruka. Kenchi zifungwe kwenye boriti kwa waya mnene, na boriti kwenye nguzo. Nyumba ya makuti nayo ifungwe kwa kamba kutoka paa hadi mambo zilizochimbiwa chini sana. Minazi mikavu na matawi ya mwembe yaliyolala juu ya nyumba yakatwe wakati ungali upo, hata kama mwembe ni wa marehemu babu.

Maji ndiyo yanayosahauliwa, kwa kuwa watu hudhani siku ya mafuriko maji hayawezi kukosekana. Yanayokosekana ni ya kunywa. Familia ya watu sita, kwa lita 4 za kunywa na kupikia kwa kila mmoja kwa siku, inahitaji lita 72 kwa siku tatu, yaani madumu manne ya lita 20, yaliyooshwa na kufunikwa. Pamoja na hayo kuwe na unga, maharage, dagaa, chumvi, sukari, kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki, tochi na redio ya betri, maana minara ya simu huanguka mapema. Mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU asikubali kubakiwa na dozi ya siku moja wakati wa majira hayo. Vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto, kitambulisho cha taifa na karatasi za shamba vifungwe pamoja katika plastiki, na mama ajue vilipo. Tunamtaja mama kwa makusudi. Tumewaona wajane waliopoteza shamba baada ya mafuriko kwa sababu alama za mipaka zilisombwa, na karatasi zilikuwa katika sanduku ambalo mume peke yake alikuwa na ufunguo wake, na shemeji walifika haraka kuliko msaada.

Familia ikae pia izungumze: tukiambiwa tuhame, tunakwenda wapi, kwa njia ipi isiyovuka mto, na bibi atabebwa na nani? Mitumbwi ivutwe juu mbali na maji, mifugo ifunguliwe kamba. Na kila mtoto afundishwe jambo moja ambalo limewaua watu wazima wengi: katikati ya kimbunga kuna jicho, na jicho likifika upepo hutulia ghafla, pengine jua likachomoza. Huo si mwisho. Upepo utarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ile ile, na aliyetoka kuokota mabati yake utamkuta uwanjani.

Hiyo ndiyo sehemu ya kaya. Sasa sehemu ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Kila jumuiya iwe na daftari. Humo yaandikwe majina ya wasioweza kukimbia: wazee wanaoishi peke yao, walemavu, wajawazito waliokaribia siku zao, wagonjwa wa kitandani, watoto wanaolea watoto. Mbele ya kila jina liandikwe jina la kijana wa VIWAWA au mwanachama wa UWAKA aliyekubali, kwa mdomo wake, kumfuata mtu huyo. WAWATA, ambao tayari wanajua hali ya kila jiko kuliko Tume yoyote, wasimamie kikapu cha akiba, ambacho kila nyumba itatia kikombe cha nafaka kila inapokutana kusali, na kitakachofunguliwa kwanza kwa yule mama wa kibarua. Tunasisitiza kwamba daftari hilo lisiishie kwa Wakatoliki. Pwani yetu ni ya Waislamu na Wakristo, na kitongoji kimoja hakina mafuriko mawili. Viongozi wa jumuiya wakae na maimamu, wagawane njia na nyumba za kupitia. Kipaza sauti cha msikiti kinafika mbali kuliko kengele yetu, na ukumbi wetu uko juu kuliko msikiti wao.

Kuna na sehemu ya serikali, nasi hatutaibeba kwa niaba yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijijini. Katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, mwamini yeyote asimame aulize kwa adabu: wajumbe wa kamati yetu ni akina nani? Walikutana lini mara ya mwisho? Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likitolewa saa nane usiku, nani analipokea na nani analifikisha kwa wavuvi waliopiga kambi visiwani? Kuuliza hivyo si uchochezi. Ni wajibu wa raia, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukuwaita walei wawe watazamaji wa mambo ya nchi yao.

Baada ya dhoruba ndipo dhambi inapojitokeza bila kificho. Tumeona mfanyabiashara aliyepandisha bei ya bati na misumari kesho yake asubuhi, na Jumapili akatoa sadaka nono iliyotangazwa. Huko Msumbiji, baada ya Idai, shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2019 kwamba baadhi ya viongozi wa mitaa waliwadai wanawake fedha au miili yao ili majina yao yaingie katika orodha ya chakula. Tusishangae kwa mbali. Orodha ikiandikwa na mtu mmoja, chumbani, kwa penseli, mlango wa dhambi hiyo umekwisha kufunguliwa. Kwa hiyo orodha ya misaada katika parokia zetu iandikwe na watu watatu, wawili wao wakiwa wanawake, ibandikwe kwenye mbao za matangazo, na isomwe hadharani. Kiongozi atakayeomba chochote kwa mama mwenye njaa apelekwe polisi, hata kama ni mweka hazina wa parokia, hata kama ni mmoja wetu.

Anayetufuata baada ya maji ni kipindupindu, kilichozuka Beira kabla wiki mbili hazijatimia. Visima vilivyofunikwa na mafuriko vimechanganyika na vyoo. Maji yake yasinywewe mpaka yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini kama pakiti inavyoelekeza. Mgonjwa wa kuhara aanze kunyweshwa papo hapo, akiwa njiani kwenda zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Nyaya za umeme zilizoanguka zisiguswe, wala maji ya mafuriko yasivukwe kwa miguu na mtu asiyejua kina chake.

Baadhi yenu mtatuuliza mbona hatuwalaumu wakubwa wa dunia. Tunawalaumu. Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 alionesha kwamba waliochangia kidogo kabisa kuipasha joto dunia ndio wanaoumia kwanza, na mataifa tajiri yaliyokubali mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu yatadaiwa na vizazi. Desemba 2024, kimbunga Chido kilipoipiga Mayotte, ripoti nyingi zilieleza kwamba wahamiaji wasio na hati, wengi wao kutoka Komoro, waliogopa kwenda kwenye makimbilio wasije wakakamatwa, wakabaki katika vibanda vyao vya bati. Kilio hicho kimefika mbinguni. Lakini tukishawalaumu wa Ulaya, tunamkuta jirani yetu anayekata mikoko ya Rufiji kwa ajili ya mbao na mashamba, na mikoko ndiyo ukuta unaolivunja wimbi kabla halijafika mlangoni; nasi tunamnunulia boriti.

Wale wenye ukumbi, wenye shule na wenye zahanati za Kanisa tunawaeleza bila kuzunguka. Kuanzia mwaka huu, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, kila paroko na mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei waorodheshe majengo imara yaliyo juu ya maji, wayakague mapaa yake, na watangaze kanisani kwamba yatafunguliwa kwa mtu yeyote usiku wa hadhari, bila kuulizwa dini wala michango. Funguo ziwe tatu: moja kwa mlinzi, moja kwa mama kiongozi wa jumuiya iliyo karibu zaidi, na moja kwa jirani, ambaye kwenye kilima kile tulichokitaja ni Mwislamu, muuza samaki, asiyelala nje ya nyumba yake hata siku moja. Tulimwendea wiki iliyopita tukiwa na ufunguo mkononi. Aliupokea, akautundika ukutani kando ya redio yake, kisha akatuuliza kama taa za ukumbi zinawaka. Tulikwenda kutazama. Haziwaki.